MALI BILA DAFTARI
Habari za maghala yasiyo na mahindi wala kahawa

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote. Lakini ni wachache wanaojiuliza juu ya sehemu ya pili ya jambo hili: Daftari likisha kuandikwa, lafanya kazi gani? Wengi wetu huandika, hufunga, na kuliweka juu ya kabati mpaka mchwa walipate. Mali yenye daftari lisilosomwa nayo hupotea pia, ila hupotea kwa maandishi.

Leo nataka kuwaeleza habari za maghala ya namna nyingine. Hayawekwi mahindi, wala pamba, wala kahawa. Huwekwa habari tupu: nani alinunua, alinunua nini, wapi, siku gani, kwa bei gani. Wataalamu huyaita maghala ya data. Yafaa tuyajue kwa sababu mbili. Ya kwanza, makampuni makubwa ya dunia huamua mambo yao kwa kuyatazama maghala hayo, na akili waliyoitumia twaweza kuitumia hata sisi katika duka la kijiji au chama cha ushirika. Ya pili, majina yetu wenyewe yamo ndani yake. Ukinunua vocha, ukituma pesa kwa simu, ukimpeleka mtoto kliniki, umeandikwa. Basi si vema mtu aandikwe mahali asipopajua.

MAKARANI WA LONDON

Msidhani kwamba jambo hili lilianza na kompyuta. Katika mji wa London, Uingereza, zaidi ya miaka 350 iliyopita, makarani wa parokia walikuwa na kazi moja nzito. Tauni ilikuwa ikiwajia mara kwa mara. Kwa hiyo kila juma kila karani alipeleka hesabu ya waliozikwa na waliobatizwa katika parokia yake, na hesabu hizo zilikusanywa zikachapwa katika karatasi moja. Watu walizinunua karatasi hizo, wakatazama kama tauni inazidi au inapungua, kisha wakazitupa.

Mtu mmoja hakuzitupa. Jina lake John Graunt, naye alikuwa mfanya biashara ya nguo na vitu vya kushonea, wala si mwanachuoni. Alizikusanya karatasi za miaka mingi, akazipanga, akazijumlisha, na mwaka 1662 akatoa kitabu. Ndani yake alionyesha mambo ambayo hakuna aliyeyaona, ingawa yalikuwa mbele ya macho ya wote. Alionyesha kwamba katika London kwa kila watoto wa kike 13 waliobatizwa, wa kiume walikuwa 14. Alikisia kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Watu walidhani mji wao una mamilioni ya wakazi; yeye akapiga hesabu akapata karibu 384,000 tu.

Angalieni vema, wasomaji. Graunt hakuwa na habari mpya hata moja. Alikuwa na zile zile walizokuwa nazo watu wote. Tofauti yake ilikuwa hii: wengine walisoma karatasi ya juma moja, yeye aliziweka pamoja karatasi za miaka mingi, kisha akaziuliza maswali. Hilo ndilo ghala la data. Yote yatakayofuata katika makala hii ni kazi ile ile, ila imepewa mashine.

DAFTARI NA GHALA SI KITU KIMOJA

Mwaka 1970 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, jina lake Edgar Codd, alieleza njia ya kuweka habari ndani ya kompyuta katika majedwali, yenye mistari na safu kama daftari la mahudhurio ya shule. Kila mstari ni mtu mmoja au jambo moja. Kila safu ni habari moja juu yake. Njia hiyo ikaenea duniani kote. Majedwali hayo yaliyopangwa vizuri huitwa hifadhidata.

Hifadhidata ya kila siku ni daftari la kazi. Benki yaitumia kujua leo una shilingi ngapi. Ukitoa fedha, hesabu ya zamani yaondoka, mpya yashika mahali pake. Yatakiwa iwe nyepesi na ya haraka, kwani watu wamejipanga mstari dirishani.

Lakini mkubwa wa benki ana maswali ya namna nyingine. Yeye hataki kujua una shilingi ngapi leo. Ataka kujua: Je, wakulima huweka akiba mwezi gani, na hutoa mwezi gani? Je, tawi lile lilianza kudidimia lini? Akiyauliza maswali hayo katika daftari la kazi, patatokea mabaya mawili. Kwanza, kazi ya dirishani itakwama, kwa kuwa mashine inahangaika na hesabu za miaka kumi. Pili, jibu halitapatikana, kwa sababu hesabu za zamani hazimo tena.

Hapo ndipo lilipozaliwa ghala. Mwaka 1992 Mmarekani aitwaye Bill Inmon alitoa kitabu kilichoeleza ghala la data ni kitu gani, na akalipa sifa nne. Mimi nitazieleza kwa maneno ya kwetu.

Sifa ya kwanza: limepangwa kufuata jambo, si kufuata ofisi. Habari zote za mteja zipo mahali pamoja, hata kama zilitoka katika ofisi tano. Sifa ya pili: habari zimepatanishwa, zikasema lugha moja. Sifa ya tatu: kila habari ina tarehe yake. Sifa ya nne: kilichoingia hakifutwi. Kikikosewa, huandikwa sahihisho la tarehe ya baadaye, lakini la kwanza hubaki.

YOHANE WANNE, MTU MMOJA

Katika sifa hizo nne, ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho. Chukueni mfano. Mtu mmoja kijijini alibatizwa Yohane. Shuleni mwalimu alimwandika John. Katika chama cha ushirika karani aliandika Johana. Alipokwenda kusajili laini ya simu, akaandikwa Yohana, na jina la baba likakosewa herufi moja. Sisi majirani twajua kwamba ni mtu mmoja, tena twamjua na ng'ombe wake. Kompyuta haimjui. Kwake hao ni wanaume wanne: mmoja ana deni, mmoja ana akiba, mmoja ana shamba, mmoja hana kitu.

Si majina tu. Karani mmoja aandika kilo, mwingine aandika magunia, wa tatu aandika debe. Mmoja huanza tarehe kwa siku, mwingine huanza kwa mwezi. Ukijumlisha magunia na madebe bila kuyageuza, utapata namba, lakini namba hiyo ni uongo uliovaa suti.

Kwa hiyo kazi ya ghala hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza ni kuchota habari katika madaftari ya kazi, mara nyingi usiku, wakati maduka yamefungwa. Pili ni kuzisafisha: kuwaunganisha Yohane wanne, kugeuza madebe kuwa kilo, kutupa kilichoandikwa mara mbili. Tatu ni kuzipakia ghalani, kila kitu mahali pake. Wenye kazi hiyo watawaambia kwamba hatua ya pili ndiyo inayokula siku. Ni kama kupepeta: mchele hauonekani mpaka pumba zitoke, na mwenye haraka atakula mawe.

DUKA LA MAREKANI NA KIMBUNGA

Sasa tuone ghala linavyosaidia biashara. Mwaka 1962 mtu mmoja aitwaye Sam Walton alifungua duka la bei nafuu katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas, Marekani. Akaliita Walmart. Maduka yake ya kwanza aliyajenga katika miji midogo ya mashamba, mahali ambapo wenye maduka makubwa hawakupatazama. Leo kampuni hiyo ni miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote duniani.

Kulikuwa na kitu kilichowasaidia wenye maduka wote wa Marekani. Mnamo Juni 26, 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipitishwa juu ya mashine iliyosoma vile vistari vyeusi vilivyochapwa juu yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Vistari vile mnaviona leo hata kwenye sabuni na majani ya chai. Maana yake ni kwamba kila kitu kinapouzwa, mashine yajiandikia yenyewe, bila karani kuchoka wala kusahau.

Walmart walishika jambo hili kwa mikono miwili. Mwaka 1987 walikamilisha mtambo wa kuunganisha maduka yao yote kwa setilaiti, na habari za mauzo zikaenda makao makuu. Mwaka 1991 wakawafungulia wanaowauzia bidhaa mlango wa kuona habari hizo, ili mtengeneza sabuni ajue mwenyewe duka gani limeishiwa. Kufika mwaka 2004 ghala lao lilikuwa na terabaiti 460. Terabaiti moja ni kama herufi bilioni elfu moja. Basi wekeni wenyewe mara 460.

Mwezi wa Agosti mwaka 2004 kimbunga kilichoitwa Charley kilipiga jimbo la Florida. Baada ya majuma machache kikaonekana kingine, Frances, kikielekea huko huko. Mkubwa wa kompyuta wa Walmart, Bibi Linda Dillman, hakutaka kungoja. Aliwaambia watu wake watazame ghalani: Kabla ya Charley kufika, watu walinunua nini?

Kila mtu angeweza kukisia tochi na maji. Lakini ghala lilisema neno ambalo hakuna aliyelikisia. Kuna vitu viitwavyo Pop-Tarts, vimkate vyembamba vilivyojazwa jamu. Vile vya stroberi, kabla ya kimbunga, viliuzwa mara saba kuliko siku za kawaida. Na kitu kilichouzwa kuliko vyote kilikuwa bia. Ukifikiri, sababu ya vile vimkate yaonekana: haviozi, havitaki moto, watoto huvipenda, na mkononi huliwa hata gizani. Lakini nani angefikiri kabla ya kuambiwa? Basi malori yakapakiwa, yakatangulia kimbunga, na bidhaa zikauzwa.

HADITHI YA BIA NA NEPI

Ndugu msomaji, usiondoke hapa ukidhani ghala halikosei. Kuna hadithi moja inayosimuliwa sana na wauza kompyuta. Wasema kwamba duka moja liligundua akina baba wakienda jioni kununua nepi za watoto hununua na bia. Basi mwenye duka akaziweka bia karibu na nepi, akatajirika.

Ukweli wake ni mdogo zaidi. Mwaka 1992 wataalamu walipekua vikapu vya wanunuzi milioni 1.2 katika maduka 25 hivi ya kampuni ya Osco Drug huko Marekani. Ni kweli waliona kwamba kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, bia na nepi zilikuwa zikinunuliwa pamoja. Lakini wenye maduka hawakuzisogeza bia wala nepi. Hakuna aliyetajirika. Mengine yaliongezwa njiani, kama ilivyo desturi ya hadithi.

Mafundisho ni mawili. La kwanza: vitu viwili vikienda pamoja, si lazima kimoja kiwe mzazi wa chenzake. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini ukimchinja jogoo kutakucha. La pili: jibu la ghala lisipofuatwa na uamuzi wa mtu, ni karatasi tu. Kompyuta haiamui. Mtu ndiye anayeamua, na mtu ndiye atakayeulizwa.

Tena kuna jambo ambalo ghala haliwezi kulijua kamwe. Tuseme mwenye duka wa kijijini huuza madaftari ya shule kila Januari. Mwaka wa kwanza alileta dazeni 10, zikaisha kwa siku nne. Mwaka wa pili akaleta 15, zikaisha kwa siku sita. Mwaka wa tatu akaleta 30, zikabaki 8. Akitazama maandishi ya mwaka wa kwanza peke yake, atasema: Kijiji hiki chataka dazeni 10. Lakini si kweli. Dazeni 10 ndizo alizokuwa nazo. Wazazi waliofika siku ya tano wakarudi mikono mitupu hawakuandikwa popote. Mpaka mwaka wa tatu ndipo alipojua kwamba kijiji chataka kama 22. Daftari la mauzo huonyesha kilichouzwa. Halionyeshi kilichoombwa kikakosekana. Mwenye busara huwa na ukurasa mwingine wa kuandika: Ameuliza fulani kitu hiki, sikuwa nacho.

GHALA LILILO KARIBU NASI

Mama anayekwenda zahanati katika Tanzania ayajua yale madaftari makubwa ya MTUHA. Muuguzi humwandika: mimba, malaria, chanjo ya mtoto. Kila mwezi hesabu zake hujumlishwa na kupelekwa wilayani, na kutoka hapo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo una asili yake Afrika ya Kusini, ukakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2013. Hilo ni ghala kabisa: lina jambo, lina mahali, lina tarehe. Kwa hilo mganga mkuu wa wilaya aweza kuona kata gani watoto hawamalizi chanjo, na apeleke dawa wapi kabla ya masika. Basi muuguzi akiandika kwa kukisia kwa sababu amechoka, si karatasi inayoumia. Kuna zahanati itakayoletewa dawa pungufu.

Jingine limo mfukoni mwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi, 2007. Mnamo Novemba 2012 huko huko ikaanza M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Aliyeomba mkopo hakuulizwa hati ya shamba, wala hakutazamwa uso. Kompyuta ilitazama maandishi yake: ni mteja tangu lini, ananunua vocha kiasi gani, anatuma na kupokea pesa namna gani. Kisha ikajibu: kiasi hiki, au hapana.

Kwa maskini mwenye nidhamu hilo lilikuwa jambo jema, kwani benki za zamani hazikumjua. Lakini tazameni na upande wa pili. Mtu aliyeazima laini yake kwa ndugu mdanganyifu, ghalani ni yeye aliyedanganya. Mjane anayepokea fedha kwa simu ya mwanawe, ghalani hana mapato kabisa. Na ghala halisahau. Ndiyo maana zimetungwa sheria: Kenya ile ya mwaka 2019 ya kulinda data, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 1, 2023. Sheria hizo zakupa haki ya kujua wenye ghala wameandika nini juu yako, na kutaka kilichokosewa kisahihishwe. Haki usiyoijua ni kama shoka lililosahauliwa porini, kuni hulipati.

SISI TUFANYE NINI?

Huhitaji kompyuta kuanza. Daftari la kurasa 96 latosha kwa duka, kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hata kwa familia yenye kahawa na ng'ombe wawili. Shikeni haya tu.

Andikeni tarehe katika kila mstari. Mstari usio na tarehe ni yatima.

Mtu awe na jina moja siku zote, lile la kwenye kitambulisho chake, na kila mwanachama apewe namba yake.

Chagueni kipimo kimoja. Kama ni kilo, iwe kilo mpaka mwisho.

Msifute wala msichane ukurasa. Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni sahihi pembeni, na mwandishi atie saini. Chama chenye kurasa zilizochanwa kina ugomvi unaongoja siku yake.

Mwisho wa mwezi jumlisheni, na hesabu ya jumla iandikwe katika daftari la pili, lisilokaa kwa mtu yule yule. Hilo la pili ndilo ghala lenu.

Kisha fanyeni lile ambalo wengi huliacha: ulizeni. Kaeni baba na mama, au kamati nzima, mara moja kila miezi mitatu, mliulize daftari maswali matatu tu. Mwezi gani fedha hutukimbia? Kitu gani chatupa faida kwa kweli, wala si kwa kudhani? Mwaka jana siku kama hizi tulikuwa wapi?

Nyumba nyingi zimekopa ada ya shule kila Januari kwa riba kali, na kila Januari zimeshangaa kana kwamba mwezi huo umezuka ghafula. Daftari la miaka miwili lingewaonya tangu Agosti, mavuno yangali ghalani na mbuzi wangali zizini. Na mtoto angeingia darasani siku ya kwanza pamoja na wenzake.